Watatu wa Mbele: Kisa cha Klabu ya Raga ya Chuo Dodoma Kuelekea Mechi ya Nyumbani

Jumamosi saa 10 jioni, klabu ya raga ya chuo kikuu kimoja hapa Dodoma itawapokea wageni kutoka Arusha. Ni mechi yao ya kwanza ya wachezaji 15 kwa 15 kwenye uwanja wa nyumbani msimu huu, na kwa jinsi kalenda ya chuo ilivyokaa ndiyo ya mwisho pia. Baada ya hapo ni mitihani, halafu kila mtu anatawanyika na barua yake ya mafunzo kwa vitendo. Orodha ya wachezaji ina majina 19. Kati ya hao, wanaojua kucheza mstari wa mbele wa skramu ni watatu, na mmoja wao, huka, yaani yule wa katikati, aligongwa kichwa wiki mbili zilizopita walipokwenda kucheza na hawa hawa wa Arusha kwao.

Nahodha anataka acheze, kocha hataki. Katibu anataka tu mtu amwambie aandike nini kwenye fomu. Mimi nasema asicheze, na hapo sioni mjadala mrefu. Kinachostahili kuchambuliwa ni jinsi klabu ilivyofika mahali ambapo kijana mmoja akiumwa skramu nzima inakufa, na kama Jumamosi hali hiyo ni balaa kubwa kama nahodha anavyodhani.

Kwa msomaji ambaye raga anaijua kwa Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, kwenye televisheni tu, inabidi tuelewane kwanza. Skramu ni pale watu wanane wa kila upande wanapofungamana na kusukumana ili kuugombea mpira unaoingizwa katikati. Watatu wa mbele, yaani propu wawili na huka katikati yao, ndio shingo na mabega yao yanayokutana na ya wapinzani, huku wenzao watano wakisukuma kutoka nyuma. Asiyefundishwa akiwekwa pale na skramu ikaporomoka, kinachohatarishwa ni uti wa mgongo. Ndiyo maana sheria za raga duniani hazimruhusu kocha kumwita yeyote mwenye kifua kipana na kumtupa mbele. Timu yenye wachezaji 15 au pungufu lazima iwe na watu watatu wa mstari wa mbele. Ikiwa na 16 hadi 18, iwe nao wanne. Kuanzia 19 hadi 22, watano. Na 23, sita. Wasipotosha, skramu zinachezwa bila kusukumana: watu wanafungamana, mpira unaingizwa, na timu iliyouingiza inautoa bila kugombewa.

Kwa hiyo hata kabla ya kichwa kugongwa, klabu hii ilikuwa na tatizo. Orodha ya watu 19 yenye watatu tu wa mbele haikidhi sheria. Wangelazimika kushuka na watu 15 bila hata mmoja wa akiba, na wamuombe Mungu asiumie mtu.

Msimu haukuanza hivi. Mechi ya kwanza walisafiri kwenda Dar es Salaam wakiwa na watu watano wa mstari wa mbele, na wakafungwa kwa tofauti ya penalti moja, pointi tatu, dakika za mwisho. Ukiwauliza waliokuwepo, wote wanasema walistahili kushinda. Halafu propu mmoja akapata sapu mbili na mzee wake akampigia simu kutoka nyumbani: mpira basi, soma. Mwingine, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akaanza kazi ya muda na Jumamosi zikamshinda. Wakabaki watatu. Wakaenda Arusha kwa basi la usiku kupitia Kondoa na Babati, wakafungwa 38 kwa 10.

Nimekaa na kocha tukazipitia zile trai sita za Arusha, yaani mara sita walizouweka mpira chini nyuma ya mstari wetu wa goli, moja moja kutoka kwenye video ya simu. Nne zilianzia kwenye skramu ambayo vijana wetu walirudishwa nyuma kwa miguu. Mbili zilizobaki zilitokana na mpira wa kurushwa kutoka pembeni, lainauti, karibu na mstari wetu wa goli: wapinzani wakaudaka, wakajikusanya wakiwa wamesimama, wakasukuma hadi ndani. Hakuna hata trai moja iliyopatikana kwa mkimbiaji wao kumwacha mkimbiaji wetu. Hizo mbili za kwetu zilifungwa na mawinga, zote kwa mbio, na mikwaju ya baada ya trai ikapotea kwa sababu ya upepo na kwa sababu hakuna aliyeifanyia mazoezi.

Katikati ya safari hizo mbili kulikuwa na bonanza la wachezaji saba kwa saba hapa nyumbani, na wakashinda kirahisi. Kwa maoni yangu hapo ndipo uongozi ulipopata usingizi mtamu. Kwenye raga ya saba skramu ina watu watatu kila upande, kipindi ni dakika saba, na mwenye mbio ndiye mfalme. Ushindi ule uliwaaminisha kwamba timu iko sawa, kumbe ulikuwa unawaonyesha nusu moja tu ya timu.

Chanzo cha upungufu huu kipo kwenye namna wanavyosajili. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mwaka wa kwanza wakiwa bado wanatafuta vyumba na kulalamikia foleni za usajili, klabu inaweka meza na kualika watu. Jaribio la kwanza ni kukimbia kutoka hosteli hadi uwanjani na kurudi. Wanaotangulia wanaandikwa. Kijana mnene wa kilo 105 aliyezoea kubeba magunia dukani kwa baba yake anafika wa mwisho, anachekwa kidogo, anaondoka. Huyo ndiye propu. Klabu imekuwa ikimfukuza kwa mikono yake yenyewe kila mwaka, halafu ikifika Mei inamtafuta kwa tochi.

Na hata wale waliobaki, mazoezi yao ya kusukuma yalitegemea kirikuu cha jamaa anayewaletea maji wauza chakula wa jirani. Wanane wanajipanga nyuma ya bodi, dereva anaweka gia huru, wanakisukuma hadi mwisho wa uwanja, kisha dereva anadai soda. Si njia mbaya ya kujenga miguu. Ila kirikuu hakikusukumi wewe, wala hakikunji mgongo wako kwa ujanja wa propu aliyecheza miaka sita.

Sasa turudi kwa huka. Dada anayeshika begi la huduma ya kwanza, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, ana daftari dogo ambalo huandika kila kinachotokea. Ukurasa wa Arusha unasema: dakika ya 52, goti kwenye kichwa, ameinuka mwenyewe, ameuliza matokeo, ameambiwa, ameuliza tena. Akamtoa. Nahodha alimfokea palepale pembeni, naye akafunga begi lake akasema, “Mimi nimeshaandika, kaka. Ukitaka arudi, saini hapa kwamba umemrudisha wewe.” Nahodha hakusaini.

Alifanya sahihi kabisa. Maelekezo ya raga ya ngazi ya klabu ni kwamba mchezaji anayeshukiwa tu kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa, na siku hiyo harudi hata akisema amepona. Baadaye anarudi kwa hatua: kupumzika, mazoezi mepesi, kukimbia, mazoezi bila kugusana, na kugusana kunakuja mwishoni kabisa baada ya mtaalamu wa afya kuridhika. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, anashushwa hatua. Uingereza, mchezaji wa klabu za kawaida harudi kwenye mechi kabla ya siku ya 21. Jumamosi hii itakuwa siku ya 14.

Nahodha alikuja na hoja yake kwa kocha Jumatatu jioni, mazoezi yakiwa yamekwisha.

“Mwalimu, jamaa mwenyewe anasema yuko fiti.”

“Nani kamuuliza?”

“Mimi.”

“Sasa nenda kamuulize anayelala naye chumba kimoja.”

Mwenzake wa chumbani alisema jamaa ametundika shuka dirishani tangu watoke Arusha, na kwamba darasani projekta ikiwashwa anatoka nje, anadai anapokea simu. Kuumizwa na mwanga ni dalili ya wazi. Kuna aliyeshauri wampeleke akapigwe picha ya kichwa, ikitoka safi acheze. Hiyo ni kuchanganya mambo. Picha inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani humo kabisa. Na pigo la pili kabla la kwanza halijapoa linaweza kuuvimbisha ubongo kwa kasi, hasa kwa vijana. Huyu ana miaka 21.

Hoja ya pili ya nahodha ilikuwa nzuri zaidi, na inaonyesha kijana anaufuatilia mchezo. Alisema fainali ya Kombe la Dunia ya Oktoba 28, 2023 jijini Paris, Afrika Kusini walimpoteza huka wao Bongi Mbonambi dakika za mwanzo kabisa, akaingia Deon Fourie ambaye wengi wanamjua kama flanka, msukumaji wa pembeni ya skramu, na bado wakaifunga New Zealand 12 kwa 11. Basi na sisi flanka wetu aingie kati.

Tatizo ni kwamba Fourie alikuwa amecheza huka kwa miaka mingi kama mchezaji wa kulipwa kabla hajahamia pembeni. Kile kilikuwa kiti chake cha zamani. Hata hivyo, siku ile lainauti za Afrika Kusini ziliyumba vibaya, na kilichowaokoa ni penalti nne za Handré Pollard na ulinzi wa ajabu. Flanka wetu wa Dodoma amewahi kusimama katikati ya skramu mara moja, mazoezini, dhidi ya wenzake waliokuwa wanacheka.

Kocha naye alikuwa na hofu yake. Aliikumbuka Italia ya Februari 27, 2022 huko Dublin, mashindano ya Mataifa Sita: huka wa kwanza aliumia, wa akiba akaonyeshwa kadi nyekundu, skramu zikawa za bila kusukumana na Italia ikaamriwa kupunguza mtu mwingine. Walicheza sehemu kubwa ya mechi wakiwa 13 na wakafungwa 57 kwa 6. Akaogopa kwamba na yeye akitangaza hana huka ataambiwa apunguze watu. Lakini kule mzizi ulikuwa kadi nyekundu ya mtu wa mstari wa mbele. Timu inayosema kabla ya mechi kwamba haina watu, na wageni na mwamuzi wakakubali, inacheza 15 kwa 15, na skramu inabaki na wanane kila upande. Kinachohitaji kuulizwa mapema ni hesabu ya pointi, kwa sababu waandaaji wanaweza kuwa na adhabu zao kwa timu iliyosababisha.

Njia zilizokuwepo zilikuwa nne. Kumchezesha huka tumeshaifuta. Kuahirisha ni sawa na kufuta mechi, maana wiki inayofuata kuna mitihani na nyingine zote vivyo hivyo. Kucheza kumi kwa kumi ni jambo ambalo World Rugby, shirikisho la raga duniani, inaruhusu kwenye ngazi hii ili mechi zisife, pamoja na kupunguza muda wa vipindi, lakini wageni wanasafiri zaidi ya kilomita 400 na nusu ya kikosi chao ingekuja kutazama. Imebaki kucheza 15 kwa 15 bila kusukumana kwenye skramu, na hii ndiyo niliyoshauri, kwa sharti kwamba wageni wajulishwe kabla hawajakata tiketi.

Katibu aliwapigia simu wageni Jumanne akiwa amewasha spika.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba mdogo wangu. Habari za Dodoma?”

“Salama kaka. Nina jambo kidogo la Jumamosi. Mstari wa mbele tumebaki wawili.”

Kimya kidogo. “Afadhali umesema leo. Nilikuwa nimewaweka propu wawili wa ziada kwenye basi. Nauli hiyo, na chakula chao unajua kilivyo.”

Akakubali. Akaomba kitu kimoja: matokeo yahesabike kama kawaida, ila iandikwe kwenye fomu kwamba skramu zilikuwa za namna hiyo. Ombi la haki.

Nahodha alilipokea jambo hili kama aibu. Mimi nadhani hajaliangalia vizuri. Zile trai nne za Arusha zilizoanzia kwenye skramu hazina tena mahali pa kuanzia. Zaidi ya hapo, kwenye skramu watu 16 wamefungwa sehemu moja, na mabeki wa pande zote lazima wakae mita tano nyuma ya mguu wa mwisho wa skramu. Wanabaki saba kwa saba kwenye uwanja wenye upana unaokaribia mita 70, na timu yetu ina uhakika wa kuupata mpira wake safi kila mara. Hiyo ni ile raga ya bonanza waliyoshinda. Kila skramu ya kwetu katikati ya uwanja ni nafasi ya kumpa winga mpira akiwa anakimbia, na wala hawahitaji ujanja mwingi: pasi mbili za haraka, na mtu wa mwisho asipokee akiwa amesimama.

Hatari imehamia kwenye lainauti. Hapo kusukumana kunaruhusiwa kama kawaida, na wageni hawajasahau trai zao mbili. Watapiga penalti zao nje karibu na mstari wetu, wadake, wajifunge pamoja, wasukume. Kwa hiyo kinga kubwa ya Jumamosi ni kutofanya makosa kwenye nusu ya kwetu: kuacha kuulalia mpira chini, kuacha kukaba juu ya mabega, kuacha kubishana na mwamuzi. Nahodha ndiye anayeongoza kwa hilo la mwisho, na nimemwambia.

Na kuna la kurusha. Kwa mazoea huka ndiye anayerusha mpira kwenye lainauti, ingawa sheria inamruhusu mchezaji yeyote. Sasa flanka yule yule ndiye anafundishwa, na mwalimu wake ni huka mwenyewe, amekaa kivulini na kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Ameambiwa asipige kelele na asisimame juani. Anarekebisha kwa mkono tu: kiwiko ndani, kidole kielekee unakotaka mpira uende.

Uwanja wenyewe ni hadithi nyingine. Mvua za Dodoma huwa zimekata kufikia Mei, majani yanageuka rangi, na mbigiri inakomaa. Asiyeijua mbigiri akae chini bila kuangalia. Punje moja ina miiba inayotazama kila upande. Inapenya soksi, na mchezaji wa raga analala chini mara nyingi kuliko wa soka. Jumatano wachezaji walitembea kwa mstari kutoka goli hadi goli wakiwa na mifuko ya salfeti, wakiokota na kung'oa. Waliporudi mara ya pili mifuko ikajaa tena.

Milingoti ni mirunda. Soka wana goli lao la upana wa mita 7.32 na urefu wa 2.44, ambalo raga haiwezi kulitumia: raga inataka mita 5.6 kati ya milingoti na mti wa kati kwenye mita 3 kutoka ardhini. Fundi amefunga mirunda minne mirefu, na chini imezungushiwa sponji la godoro lililovishwa turubai, maana mtu akikimbilia trai haangalii mlingoti. Mistari itachorwa kwa chokaa asubuhi ya mechi. Ikichorwa Ijumaa, upepo utaibeba.

Upepo huo una kazi yake. Msimu huu unatoka mashariki, na uwanja umelala mashariki kwa magharibi. Atakayeshinda kurusha shilingi aanze kwa kushambulia kuelekea magharibi, upepo ukiwa mgongoni, apate eneo mapema kwa mateke marefu. Kipindi cha pili, timu yetu ikigeukia mashariki, mateke marefu hayatafika popote. Badala yake wapige mafupi ya juu. Mpira utaning'inia kwenye upepo, na beki wa wageni atakuwa anautafuta huku jua la saa 11 likimwingia machoni.

Fedha ni chache. Bumu limechelewa, kwa hiyo michango ya wachezaji imekuja nusu. Klabu ilikuwa na uwezo wa kulipia boza moja la maji la kumwagia uwanja, au kuongeza mbuzi kwenye ubwabwa wa wageni baada ya mechi, si vyote viwili. Mila ya raga ni mwenyeji kumlisha mgeni, na Dodoma kumnyima mtu wa Arusha nyama ni kujitafutia maneno. Hata hivyo nimeshauri boza, limwagwe Ijumaa jioni jua likipoa, kwa sababu ardhi ile ilivyokauka ndiyo itakayopokea vichwa na mabega ya watu 30. Wageni watakula ubwabwa na maharage, na zabibu za mwalimu mmoja mwenye shamba Hombolo kama hajaziuza zote.

Kilichobaki hadi ninapoandika ni mwamuzi. Anatoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme ya Ijumaa jioni, amekubali kila kitu kuhusu skramu, na ameomba atumiwe tiketi mapema kwa sababu Ijumaa viti huisha. Mwenye pesa ya tiketi ni mhazini, na mhazini ana mtihani wa majaribio hadi saa 8 mchana, simu imezimwa.